Tathmini ya Wahl-O-Mat: huduma inayopima malengo ya vyama vya Ujerumani

Huduma ninayoitathmini hapa haina bei, haina usajili, wala haina tangazo linalokatiza usomaji. Wahl-O-Mat ni programu ya intaneti inayotolewa na Bundeszentrale für politische Bildung, taasisi ya serikali ya Ujerumani inayoshughulikia elimu ya uraia, na tangu mwaka 2002 imekuwa ikifunguliwa wiki chache kabla ya uchaguzi wa bunge la shirikisho, Bundestag, na kabla ya chaguzi nyingi za majimbo. Mtumiaji huwekewa kauli fupi moja baada ya nyingine, 38 katika matoleo ya miaka ya karibuni, na kila kauli anaweza kuikubali, kuikataa, kubaki katikati au kuiruka. Baada ya hapo huchagua kauli anazotaka zihesabiwe mara mbili, huteua vyama vya kulinganisha, na ndani ya sekunde chache huoneshwa ni kwa asilimia ngapi majibu yake yanalingana na ya kila chama. Katika uchaguzi wa 2021 ilitumiwa zaidi ya mara milioni 21, katika nchi yenye wapiga kura wapatao milioni 61.

Wanaoisifu au kuilaumu kwa kawaida hufanya hivyo wakati wa kampeni, pale ambapo swali pekee ni kama imewapa chama walichokitarajia. Mimi nimeichukua kutoka upande wa pili. Matoleo ya zamani hayafutwi bali huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya taasisi hiyo, kwa hiyo nimekaa na toleo la 2021 na la 2025, nikajibu kauli zote kwa uaminifu, kisha nikayaweka majibu ya vyama kando ya yale ambayo serikali zilizofuata zilitenda. Nilitaka kujua kama kifaa hiki, ambacho bila shaka kinaeleza vizuri chama kinataka nini, kinaweza kumsaidia mtu kukisia serikali itakavyokuwa.

Nianze na kilichonifurahisha zaidi, nacho ni namna kauli zinavyotengenezwa. Wazo lilitoka Uholanzi, ambako StemWijzer ilianza mwaka 1989 ikiwa kazi ya karatasi na diski kwa ajili ya shule, ikahamia intaneti mwaka 1998. Kwa upande wa Ujerumani, kundi la vijana, wengi wao wakiwa wanakaribia kupiga kura kwa mara ya kwanza, hukaa pamoja na wanasayansi wa siasa na wataalamu wengine, husoma ilani za vyama, na huandika kauli nyingi kuliko zinazohitajika. Kauli hizo hutumwa kwa vyama vyenyewe, na vyama ndivyo vinavyojibu. Baadaye huteuliwa zile zinazotenganisha vyama, kwa sababu kauli ambayo wote wanaiunga mkono haimsaidii mtu kuchagua.

Kujibu huko kunakofanywa na vyama vyenyewe ndiko kunakokipa kifaa hiki uzito ambao msomaji wa haraka anaweza asiuone. Ilani ya uchaguzi ni waraka mrefu ulioandikwa na kamati, ukapitiwa na makundi ya ndani ya chama, ukafanyiwa marekebisho kwenye mkutano mkuu, na kila kundi linalopoteza hoja hufarijiwa kwa sentensi moja yenye maneno laini. Ndiyo maana ilani nyingi husomeka kana kwamba kila mtu ameahidiwa kila kitu. Wahl-O-Mat huwanyima waandishi hao ule ulaini. Inawauliza: mnakubali au hamkubali? Chama hulazimika kutoa neno moja, kisha huruhusiwa maelezo mafupi ya kulitetea. Maelezo hayo hayaonekani mpaka mtumiaji ayafungue baada ya matokeo, na naamini watumiaji wengi hutosheka na asilimia wakaondoka. Ni hasara kubwa, maana humo ndimo chama husema ukweli wake. Vyama viwili vinaweza kukataa kauli ileile, kimoja kwa sababu kinaiona imezidi na kingine kwa sababu kinaiona haitoshi, na hesabu ikawaweka pamoja kama ndugu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba mtu anaweza kuirudia kwa kalamu. Majibu yakilingana, chama hupata pointi 2, mmoja akiwa katikati na mwingine akiwa na msimamo, pointi 1, wakipingana, sifuri, kauli iliyorukwa haihesabiwi kabisa. Naupenda uwazi huo kuliko fomula za siri. Hata hivyo, pointi hiyo moja ya katikati ina ukarimu uliopita kiasi. Mtumiaji hubaki katikati kwa sababu hajui au hajali, ilhali chama kikubwa chenye mabawa mawili yanayovutana hubaki katikati kwa sababu kikisema ndiyo au hapana kitafungua ugomvi nyumbani. Kukwepa huko hulipwa nusu ya alama kutoka kwa kila mtu mwenye msimamo, awe wa upande gani.

Sasa nije kwenye jaribio lenyewe. Toleo la 2021 linafungua kwa kauli tatu ambazo, zikifuatiliwa hadi mwisho, zinafundisha mengi kuhusu safari ya lengo la chama kutoka ukurasa wa ilani hadi gazeti la serikali. Ya kwanza inahusu ukomo wa kasi kwenye barabara kuu zote za magari, ya pili kuongeza matumizi ya ulinzi, na ya tatu haki ya vijana wa miaka 16 kupiga kura katika uchaguzi wa Bundestag.

Chukua ukomo wa kasi. SPD, chama cha mrengo wa kushoto wa wastani, iliutaka, na chama cha Kijani, cha watetezi wa mazingira, pia kiliutaka. Vyote viwili vilitaja kilomita 130 kwa saa. FDP, chama cha kiliberali kinachotetea soko huria, iliukataa. Baada ya uchaguzi wa Septemba 2021 vyama hivyo vitatu vikaunda serikali ya mseto, na viwili kati yake, vilivyokuwa na wabunge wengi zaidi kwa mbali kuliko cha tatu, vilikuwa upande mmoja wa swali. Mkataba wa mseto ukaandika kwamba ukomo wa jumla wa kasi hautakuwepo. Kwa mtu aliyeipa kauli hiyo uzito maradufu na kuelekezwa SPD au Kijani, matokeo hayo yanaonekana kama usaliti. Lakini hivyo ndivyo biashara ya mseto inavyoendeshwa: kila chama huingia chumbani na orodha ya mambo ambayo kikiyakosa kitashindwa kuwatazama wanachama wake usoni, na kwa FDP uhuru wa dereva ulikuwa juu ya orodha, wakati kwa wenzake ukomo wa kasi ulikuwa jambo jema linaloweza kubadilishwa kwa jingine. Wahl-O-Mat humuuliza mtumiaji ni kauli zipi zina uzito kwake, ila haivipi vyama swali hilohilo. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote niliyoyaona. Kifaa kinajua chama kinataka nini, hakijui chama kiko tayari kukosa nini.

Kura ya vijana ilikwenda njia nyingine. Hapa vyama vyote vitatu vya mseto vilikubaliana, hivyo msomaji angetegemea lengo lipite bila shida. Sheria ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya ilibadilishwa mwaka 2022 kwa wingi wa kawaida, na Juni 2024 vijana wa Kijerumani wa miaka 16 na 17 walipiga kura hiyo kwa mara ya kwanza. Umri wa kupiga kura ya Bundestag, hata hivyo, umeandikwa katika ibara ya 38 ya katiba, na kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili za kura, jambo lisilowezekana bila CDU na CSU, vyama ndugu vya kihafidhina, waliokuwa upinzani na waliokuwa hawataki. Kwa hiyo kijana yuleyule alionekana amekomaa kuchagua wabunge wa Ulaya lakini hajakomaa kuchagua wa nchi yake, na sababu haikuwa utashi wa serikali bali sehemu ya sheria ambamo kila umri umeandikwa. Alama ndogo tu pembeni ya kauli, inayoeleza kama jambo linahitaji sheria ya kawaida au mabadiliko ya katiba, ingempa mtumiaji maarifa ambayo asilimia peke yake haziwezi kumpa.

Kuhusu matumizi ya ulinzi, majibu ya mwaka 2021 yalizeeka ndani ya miezi mitano. Urusi iliivamia Ukraine kwa nguvu zote tarehe 24 Februari 2022. Siku tatu baadaye Kansela Olaf Scholz alitangaza bungeni mfuko maalumu wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi, na mwezi Juni Bundestag ikaupitisha kwa kubadilisha katiba, safari hii kwa msaada wa CDU na CSU. Silaumu programu kwa kutojua vita vitatokea. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba serikali hutumia sehemu kubwa ya muda wake kwa mambo ambayo hakuna ilani iliyoyataja, na hapo mpiga kura hupata si lengo alilolichagua bali tabia ya watu aliowachagua.

Toleo la 2025 lina mfano mmoja ambao, kwa maoni yangu, unatosha kuwa somo zima la siasa. Kauli mojawapo ilisema kwamba ukomo wa deni la serikali uliowekwa ndani ya katiba uendelee kuwepo. CDU na CSU walikubali, na walikuwa wamelitetea jambo hilo kampeni nzima. Uchaguzi ulifanyika tarehe 23 Februari 2025, wakaibuka wa kwanza, wakaanza mazungumzo na SPD. Tarehe 18 Machi, hata kabla bunge jipya halijakutana, bunge la zamani liliitwa, na kwa kura 512 likabadilisha katiba: matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yakatolewa nje ya ukomo huo, na mfuko wa miundombinu wa euro bilioni 500 ukaruhusiwa. Je, CDU ilivunja jibu lake? Wapinzani wake walisema ndiyo kwa sauti kubwa. Ukiisoma kauli neno kwa neno, ukomo bado upo, umetobolewa, haukuondolewa. Kauli ya ndiyo na hapana haina mahali pa kuweka neno "isipokuwa", na serikali nyingi huishi ndani ya neno hilo.

Fedha ndiyo inayokosekana katika kifaa hiki kuliko kitu kingine. Mtumiaji anaweza kukubali kupunguzwa kwa kodi, kukubali kuongezwa kwa matumizi na kukubali ukomo wa deni, zote tatu kwa mkupuo, na programu haitamuuliza lolote. Vyama vitatu vya 2021 vilifanya karibu jambo hilohilo vikiwa pamoja: SPD na Kijani walitaka kutumia, FDP ikataka kodi zisipande na ukomo wa deni uheshimiwe, na wote wakakuta ahueni kwenye euro bilioni 60 zilizohamishwa kutoka mikopo ya wakati wa korona kwenda mfuko wa tabianchi. Mahakama ya Katiba ilibatilisha uhamisho huo tarehe 15 Novemba 2023. Mwaka mmoja haukutimia: tarehe 6 Novemba 2024 Scholz alimfukuza kazi Waziri wa Fedha Christian Lindner, kiongozi wa FDP, na serikali ikavunjika. Uholanzi wamelikabili tatizo hili kwa namna ambayo Wajerumani wangeweza kuiazima, kama walivyoazima StemWijzer: tangu uchaguzi wa 1986 ofisi ya mipango ya uchumi, CPB, hupokea ilani za vyama vinavyokubali kupimwa na kuzipigia hesabu, kisha huchapisha athari zake kwa bajeti, ajira na vipato. Chama huenda huko kikijua kwamba lengo lisilo na chanzo cha fedha litaonekana.

Nisije nikaonekana nadai kwamba malengo ya vyama ni maneno matupu. Ipo hoja ya kinyume, na kumbukumbu za matoleo ya zamani humkumbusha mtu juu yake. Chama cha Kijani kilianzishwa Karlsruhe mwaka 1980 kikiwa na upinzani dhidi ya nishati ya nyuklia kama moyo wake. Kiliingia Bundestag mwaka 1983, kikangoja hadi 1998 kuingia serikali ya shirikisho, na mwaka 2002 sheria ya kuachana na vinu ikapitishwa. Mwaka 2010 serikali ya Angela Merkel ilirefusha muda wa vinu. Machi 2011 ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ikatokea, na serikali hiyohiyo, bila Kijani ndani yake, ikageuka na kuweka tarehe za kuvifunga. Vinu vitatu vya mwisho vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Hapo lengo moja lilibebwa kwa zaidi ya miaka 40, sehemu kubwa ya muda huo na watu wasiokuwa madarakani, mpaka likawa lengo la washindani wao. Mtu anaweza kuuona uamuzi huo kuwa kosa la kiuchumi, na wengi wanauona hivyo, lakini hawezi kusema chama hicho hakikuathiri mwelekeo wa serikali. Kinyume chake pia hutokea: mwaka 1959, kwenye mkutano wake wa Godesberg, SPD iliyabadilisha malengo yake yenyewe, ikaacha kujiita chama cha tabaka la wafanyakazi peke yake na kukubali soko, na miaka saba baadaye ikawa ndani ya serikali ya shirikisho. Programu inayopima mwezi mmoja wa kampeni haiwezi kuonesha miendo mirefu kama hiyo, na sidhani inastahili kulaumiwa kwa hilo.

Kuna jambo jingine la kiutendaji. Kifaa kinakuonesha vyama vyote kwa usawa, vikubwa na vidogo, na hilo lilipatikana kwa mvutano. Zamani mtumiaji aliweza kulinganisha vyama 8 tu kwa wakati mmoja. Mei 2019, siku chache kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, Volt, chama kidogo kinachounga mkono umoja wa Ulaya, kilipeleka shauri kwenye mahakama ya utawala ya Köln, mahakama ikakubali kwamba mpangilio huo unavibana vyama visivyojulikana, na huduma ikafungwa kwa siku kadhaa hadi pande zote zilipopatana. Leo unaweza kuvilinganisha vyote, na ni haki. Ila usawa wa orodha si usawa wa bunge. Chama kisichofikia asilimia 5 ya kura, na ambacho hakijashinda angalau majimbo 3 ya uchaguzi, hakigawiwi viti kwa kura za orodha, na mwaka 2025 BSW, chama kipya cha mrengo wa kushoto, kilikwama kwenye asilimia 4.98. Aliyelingana nacho kwa asilimia 80 aliachwa bila mwakilishi wa chama chake. Sioni kwa nini ukurasa wa matokeo usiweke sentensi moja ya kueleza kizingiti hicho.

Muundo wa programu ni safi. Kwenye simu inasomeka vizuri kama kwenye kompyuta, na kauli zimeandikwa kwa Kijerumani chepesi ambacho mwanafunzi wa lugha wa kiwango cha kati anaweza kukimudu akiwa na kamusi. Mimi si mpiga kura huko, lakini sikujikuta nimefungiwa nje. Taasisi yenyewe husema waziwazi kwamba matokeo si ushauri wa kumpigia mtu kura, na onyo hilo ni la kweli, si la kujikinga tu.

Ninaipendekeza, kwa sharti la matumizi. Anayetaka kuambiwa achague nani atapata asilimia nzuri za kujifurahisha nazo. Anayetaka kuelewa vyama afungue maelezo ya kila kauli iliyomgusa, asome kwa nini vyama viwili vilivyojibu sawa havikusema sawa, na baada ya miezi kadhaa arudi kwenye kumbukumbu akiwa na mkataba wa mseto mkononi. Kazi hiyo ya mwisho nimelazimika kuifanya mwenyewe, jioni nne, nikiwa na madirisha mawili yamefunguliwa kwenye skrini, kwa sababu kwenye kumbukumbu kauli zimewekwa kama zilivyokuwa siku ya uchaguzi, bila hata mstari mmoja wa kueleza kila moja iliishia wapi. Taasisi ina wataalamu, ina vijana wenye hamu, na kati ya uchaguzi mmoja na mwingine ina miaka minne ya kuuandika mstari huo.